Somo kwa Vyama vya Msingi: Chumvichumvi za Majini na Kazi ya Shabu katika Kuondoa Floraidi

LENGO LA SOMO

Somo hili limekusudiwa makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama wa vyama vya msingi ambao maji ya kisima au chemchemi yao yana floraidi nyingi. Linaeleza kwa nini dawa ile ile, kwa kipimo kile kile, huweza kusafisha maji ya kijiji kimoja na kushindwa katika kijiji cha jirani. Mwanachama atakayelifuata mpaka mwisho atajua mambo ambayo chama kinapaswa kuyapima kabla ya kutoa hata shilingi moja ya kununulia dawa.

1. TATIZO LENYEWE

Floraidi ni madini yanayoyeyuka majini kutoka katika miamba. Maeneo yanayozunguka Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro, pamoja na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa nchini Tanzania, Kenya na Ethiopia, yana miamba iliyotokana na volkano, na miamba hiyo ina floraidi nyingi. Mto Maji ya Chai, mkoani Arusha, ni miongoni mwa mito inayojulikana sana kwa jambo hilo.

Floraidi haina rangi, haina harufu, wala haibadilishi ladha ya maji. Maji meupe kama kioo huweza kuwa na floraidi kuliko maji ya tope. Kuyachemsha hakusaidii kitu. Mvuke hupaa, floraidi hubaki, na maji yaliyosalia huwa nayo kwa wingi zaidi kuliko kabla ya kuchemshwa.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa sababu ya uhaba wa maji mengine, iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 vijijini kuanzia mwaka 1974. Baadaye kikomo hicho kilishushwa hadi 4, na sasa kiwango cha taifa kinalingana na kile cha dunia. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi kikomo hicho katika miaka yake 8 ya mwanzo, wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyofutika maisha yake yote. Floraidi ikifikia miligramu 3 hadi 6 kwa lita, nayo ikinywewa kwa miaka mingi, mifupa huanza kuathirika. Ikizidi miligramu 10, huweza kupindisha mifupa na kumlemaza mtu.

Hakuna dawa inayorudisha meno yaliyokwisha haribika. Kinga ni ya yule ambaye meno yake bado hayajaota. Kwa sababu hiyo, chama kinachopoteza miaka mitatu kikitumia kipimo kisichofaa hakipotezi fedha peke yake. Watoto waliokuwa na umri wa miaka mitano wakati kazi inaanza watakuwa wamefikisha minane, na nafasi yao itakuwa imekwisha pita.

2. NAMNA SHABU INAVYOFANYA KAZI

Mwaka 1975, taasisi ya utafiti wa mazingira iliyoko Nagpur, India, ilitangaza utaratibu wa kuondoa floraidi kwa kutumia shabu na chokaa. Utaratibu huo ulipewa jina la Nalgonda, ambayo ni wilaya moja ya India yenye tatizo hilo hilo. Umejaribiwa pia Afrika Mashariki, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeufanyia kazi kwa kutumia ndoo za nyumbani.

Shabu ni chumvi ya aluminiamu. Inapotiwa majini huyeyuka, kisha aluminiamu yake huungana na alikali iliyomo majini na kufanya madonge laini kama mtindi uliokatika. Floraidi hunaswa na madonge hayo. Maji yakitulia, madonge huzama chini, na maji ya juu hukingwa yakiwa yamepungukiwa na floraidi.

Neno la kuangaliwa hapo ni alikali. Shabu haifanyi madonge peke yake. Huyafanya kwa kuungana na kitu ambacho tayari kimo majini, na wingi wa kitu hicho hutofautiana kutoka kisima hadi kisima.

3. CHUMVICHUMVI ZILIZOMO MAJINI

Maji ya ardhini hayawi maji matupu. Yamepita katika udongo na miamba, yakabeba chumvi za namna nyingi. Zinazohusika zaidi na kazi hii ni hizi zifuatazo.

(a) Bikaboneti. Hii ndiyo alikali kubwa ya maji ya visima. Ni ya ukoo mmoja na magadi, ambayo ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Shabu ni kitu cha asidi, na kila gramu 1 ya shabu hula takriban nusu gramu ya alikali, kwa jinsi maabara inavyoipima alikali hiyo.

Bikaboneti ikiwa kidogo mno, shabu huimaliza yote na maji hugeuka kuwa ya asidi. Katika maji ya asidi madonge hayakamiliki. Aluminiamu hubaki imeyeyuka, hushikamana na floraidi, na vyote viwili humfikia mnywaji. Bikaboneti ikiwa nyingi mno, alikali ya maji hukataa kushuka. Madonge hutokea, tena kwa wingi, lakini hunasa floraidi kidogo, kwa kuwa alikali hushindana na floraidi kupata nafasi juu ya madonge hayo.

Kipimo cha asidi na alikali, ambacho maabara hukiandika pH, huanzia 0 hadi 14, na 7 ni katikati. Shabu hunasa floraidi vizuri zaidi maji yanapokuwa kati ya 6 na 7. Kazi yote ya kupima shabu na chokaa ni jitihada ya kuyafikisha maji mahali hapo na kuyaweka hapo.

(b) Kalsiamu. Hii ndiyo inayoyafanya maji kuwa magumu, yakala sabuni na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Kalsiamu ni adui wa floraidi, kwani vikikutana kwa wingi huungana na kugeuka jiwe lisiloyeyuka kwa urahisi. Kwa hiyo maji yenye kalsiamu nyingi mara nyingi huwa na floraidi kidogo, na maji ya volkano yenye floraidi nyingi huwa na kalsiamu kidogo na sodiamu nyingi. Ni maji laini, yanayotoa povu upesi. Akina mama huyasifu kwa kufulia, na sifa hiyo hiyo inapaswa kumwamsha katibu ayapeleke yakapimwe.

Baadhi ya wanachama huuliza kwa nini isitumike chokaa peke yake, maadamu chokaa ina kalsiamu. Jibu ni kwamba lile jiwe la kalsiamu na floraidi nalo huyeyuka kidogo. Katika maji yasiyo na chumvi nyingine, kiasi kinachobaki kimeyeyuka hutoa takriban miligramu 8 za floraidi kwa lita, nacho ni zaidi ya mara tano ya kikomo. Chokaa hupunguza, lakini haifikishi maji mahali panapotakiwa.

(c) Silika na fosfeti. Hizi pia hushikamana na madonge ya aluminiamu. Zikiwapo kwa wingi huchukua nafasi ambazo zingechukuliwa na floraidi, na shabu zaidi huhitajika.

(d) Kloraidi. Hii ni sehemu ya chumvi ya kawaida ya chakula. Huharibu ladha ya maji, lakini haileti ushindani mkubwa na floraidi. Maji kuwa na ladha ya chumvi, basi, si dalili ya kwamba shabu itashindwa; wala maji kuwa matamu si dalili ya kwamba itafaulu.

4. MFANO WA VYAMA VIWILI

Chukuliwe mfano wa vyama viwili vya jirani, ambavyo kwa ajili ya somo hili vitaitwa Chama cha Juu na Chama cha Chini. Maji ya kila kimoja yamepimwa na kukutwa na floraidi miligramu 2 kwa lita. Kwa kutazama namba hiyo peke yake, wanachama wangesema maji yao ni sawa. Lakini alikali ya Chama cha Juu ni miligramu 125 kwa lita, na ya Chama cha Chini ni 1,000.

Jedwali la utaratibu wa Nalgonda, linalolenga kuishusha floraidi hadi miligramu 1, linatoa takriban vipimo hivi:

Chama cha Juu: shabu miligramu 145 kwa lita, yaani gramu 2.9 kwa ndoo ya lita 20.

Chama cha Chini: shabu miligramu 520 kwa lita, yaani gramu 10.4 kwa ndoo ya lita 20.

Floraidi ni ile ile, lakini shabu inayohitajika Chama cha Chini ni takriban mara tatu na nusu ya ile ya Chama cha Juu. Kila chama kikisafisha lita 10,000 kwa siku, Chama cha Juu kitatumia kilo 1.45 na Chama cha Chini kilo 5.2. Kwa mwaka mzima hiyo ni takriban magunia 11 ya kilo 50 kwa chama cha kwanza, na 38 kwa chama cha pili. Katibu wa Chama cha Chini akiandika makisio ya mwaka kwa kunakili daftari la jirani yake, fedha zitakwisha kabla ya miezi mitatu na nusu kupita.

Yapo matokeo mabaya kuliko hayo. Chama cha Chini kikitumia kipimo cha Chama cha Juu, madonge yatatokea, maji yatang'aa, na wanachama wataridhika kwa macho. Floraidi haionekani kwa macho. Chama kitaendelea kununua shabu mwezi baada ya mwezi, na watoto wataendelea kunywa maji yaliyozidi kikomo.

Kinyume chake, Chama cha Juu kikitumia kipimo cha Chama cha Chini, shabu itahitaji alikali ya miligramu 260 hivi, wakati maji yana 125 tu. Pasipo chokaa ya kutosha maji yatakuwa makali, yatakula mabomba ya chuma, na yatabeba aluminiamu iliyoyeyuka.

Ikumbukwe pia kwamba jedwali hilo halitoi kipimo chochote kwa maji yenye floraidi miligramu 5 na alikali 200 au chini yake. Linaagiza alikali iongezwe kwanza kwa chokaa. Maji yenye floraidi hiyo hiyo na alikali 400 yamepewa shabu ya takriban miligramu 600 kwa lita.

5. KINACHOONGEZWA NA SHABU YENYEWE

Shabu huondoa floraidi, lakini nayo huacha chumvi yake, iitwayo salfeti. Karibu nusu ya uzito wa shabu ni salfeti, na yote hubaki majini. Kwa kipimo cha miligramu 520, salfeti inayoongezeka hufikia takriban miligramu 225 hadi 250 kwa lita, nacho ni kiwango ambacho baadhi ya watu huanza kuisikia katika ladha ya maji. Wanachama wakianza kulalamika juu ya ladha, malalamiko yao yasipuuzwe, kwani mtu asiyeipenda ladha ya maji yaliyosafishwa atarudi kwenye maji ya zamani.

Aluminiamu inayobaki majini nayo inapaswa kupimwa, na haifai izidi miligramu 0.2 kwa lita. Ikizidi, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: ama asidi na alikali ya maji haikuwekwa sawa, ama maji yalikingwa kabla madonge hayajatulia.

Tope la madonge lina floraidi yote iliyotolewa majini. Lisimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Lichimbiwe shimo mbali na maji, mahali ambapo mifugo haifiki.

Shabu inapohitajika kwa wingi mno, chama kinaweza kufikiria njia nyingine. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochomwa kwa utaratibu maalumu, huondoa floraidi bila ya kuongeza salfeti. Umetumika Ngurdoto, na vilevile Nakuru nchini Kenya. Lakini hata mkaa huo hupungukiwa nguvu katika maji yenye alikali nyingi, nao huchoka na kuhitaji kubadilishwa. Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, sharti la kujua chumvichumvi za maji linabaki pale pale.

6. HATUA ZA KUFUATWA NA CHAMA

Kwanza, kupima. Sampuli ya maji ipelekwe kwenye maabara ya ubora wa maji kwa kupitia wahusika wa maji wa wilaya. Katibu asiridhike na kipimo cha floraidi peke yake. Aombe pia alikali, pH, kalsiamu, salfeti na, ikiwezekana, silika na fosfeti. Sampuli za masika na za kiangazi zipimwe mbalimbali, kwa maana mvua huongeza maji na kubadilisha kiasi cha chumvichumvi.

Pili, kujaribu. Jedwali hutoa mwanzo tu, na maji ya chama chenyewe ndiyo yatoayo jibu. Gramu 10 za shabu ziyeyushwe katika lita 1 ya maji. Kila mililita ya mchanganyiko huo ina miligramu 10 za shabu. Vyombo sita vya kioo vijazwe lita moja moja ya maji ya kisima, na kila kimoja kitiwe kiasi tofauti: mililita 10, 20, 30, 40, 50 na 60. Hapo vyombo vitakuwa na shabu kuanzia miligramu 100 hadi 600 kwa lita. Chokaa, ikihitajika, hutangulia kabla ya shabu. Maji yakorogwe kwa kasi kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika 10, halafu yaachwe yatulie kwa saa moja. Maji ya juu ya kila chombo yapimwe floraidi, pH na aluminiamu. Chombo chenye shabu ndogo kuliko vingine ambacho kimefikia kiwango kinachotakiwa ndicho kipimo cha chama hicho.

Tatu, kuhesabu chokaa. Katika utaratibu wa Nalgonda, chokaa kwa kawaida ni sehemu moja kwa kila sehemu 20 au 25 za shabu. Maji yenye alikali kidogo huhitaji zaidi ya hapo. Chokaa isiongezwe kwa kukisia, kwani ikizidi huyapandisha maji juu ya 7, na kunaswa kwa floraidi hupungua.

Nne, kubana matumizi. Maji ya kufulia, kuogea na kunyweshea miche hayahitaji kusafishwa floraidi. Familia ya watu watano huweza kutosheka na ndoo moja ya lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia. Chama kinachosafisha maji hayo tu hupunguza mzigo wa gharama kwa kiasi kikubwa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, ambayo hayana floraidi ya kutisha, yachanganywe nayo kila inapowezekana. Ni vema pia familia zipunguze magadi katika kupika maharage na mboga, kwa kuwa magadi ya maeneo haya nayo huwa na floraidi.

Tano, kuandika. Daftari la maji liwe na tarehe, kiasi cha maji, uzito wa shabu, uzito wa chokaa, na matokeo ya kila kipimo cha maabara. Daftari hilo lisomwe katika mkutano mkuu pamoja na hesabu za fedha. Mwanachama ana haki ya kujua kilo ngapi za shabu zimenunuliwa, na ana haki kubwa zaidi ya kujua miligramu ngapi za floraidi zimebaki katika kikombe cha mwanawe.

7. MUHTASARI

Shabu haikutani na floraidi peke yake majini. Hukutana kwanza na bikaboneti, na bikaboneti ndiyo huamua kama maji yatafika mahali pa kunasa floraidi, au yatabaki juu ya hapo, au yatashuka chini ya hapo. Silika na fosfeti hushindana nayo. Kalsiamu husaidia, ila haitoshi. Kipimo cha kijiji kingine, basi, hata kama kijiji hicho kiko ng'ambo ya mto, hakiwezi kuaminiwa mpaka maji yenyewe yapimwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama ya kupima sampuli chache ni ndogo kuliko gunia moja la shabu lililotiwa majini bila faida, na katika meno ya mtoto hakuna ukuta unaoweza kujengwa upya.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Je, maji yanayotumiwa na wanachama hutoa povu upesi au hula sabuni? Jambo hilo linaonyesha nini juu ya kalsiamu iliyomo?

2. Chama kinasafisha lita 4,000 kwa siku kwa kipimo cha miligramu 300 za shabu kwa lita. Kitahitaji kilo ngapi za shabu kwa siku 30? (Jibu: kilo 36.)

3. Kwa nini maji yaliyotiwa shabu huweza kung'aa vizuri na bado yakawa na floraidi nyingi?

4. Alikali ya maji ni miligramu 100 kwa lita, na shabu inayotakiwa ni miligramu 400. Je, alikali hiyo inatosha? Ikiwa haitoshi, chama kifanye nini kabla ya kutia shabu?

5. Ni nani katika chama atakayekabidhiwa daftari la maji, na litasomwa mbele ya wanachama mara ngapi kwa mwaka?